UZI: Kutengeneza dainamomita ya kupimia vigari vya sloti, kuanzia rola hadi grafu

ShaftiNyoofu (#1)

Wakuu, uzi huu ni wa dainamomita ya vigari vya sloti, vile vidogo vya mota ya volti 12 vinavyofuata mfereji kwenye njia. Tunachotafuta ni grafu ya torki (kani ya kuzungusha) na wati kwa kila kasi ya mota, kigari kikiwa kizima: mota, gia, ekseli na tairi. Saa ya njiani haikwambii kama nafuu imetokana na mota, na gia au na kidole cha dereva.

Zipo aina tatu. Ya breki inabana pulei kwa uzi au mkanda na kusoma mizani. Ya mota inayoning'inia inapima jinsi mwili wa mota unavyotaka kugeuka kinyume. Ya tatu ni ya inersia, yaani ukaidi wa kitu kizito kubadili mwendo, na ndiyo ya uzi huu: kigari kinasukuma rola nzito kutoka kusimama hadi mwendo wa mwisho, nasi tunapima muda wa kila mzunguko wa rola kwa kihisi kinachosoma diski yenye mikato iliyo kwenye shafti ya rola. Hakuna breki ya kuchemka wala mizani ya kusawazisha, na jaribio moja linakupa grafu yote.

Rola ni chuma cha pua au cha kawaida, kipenyo 40 mm, urefu 70 mm. Urefu huo unabeba tairi zote mbili za nyuma za kigari cha skeli ya 1/32. Kwa 1/24 kata 90 mm. Hesabu ya ile ya 70 mm:

Ujazo = 3.1416 × 2 × 2 × 7 = 88 cm³
Uzito = 88 × 7.85 = 690 g
Inersia = ½ × 0.690 × 0.02² = 0.000138 kg·m²

Silinda iliyojaa ina sifa moja tamu: mbele ya tairi inajifanya kama mzigo wa nusu ya uzito wake, kipenyo kiwe chochote. Kwa hiyo rola hii ni sawa na kigari kusukuma 345 g kwenye njia tambarare. Atakayesema kigari chenyewe kina 80 g tu, kwa nini uzito wote huo, jibu ni muda. Chukua mota ya 20,000 rpm (mizunguko kwa dakika) bila mzigo, torki ya kusimama (mota ikiwa bado haijazunguka) 200 g·cm, gia za meno 9 kwa 27, tairi 20 mm. Mwendo wa mwisho ni karibu 7 m/s. Kwa rola ya 690 g inachukua kama sekunde 1.2 kufika asilimia 95 ya mwendo huo. Kwa rola ya 160 g ni sekunde 0.3, mizunguko michache tu, na grafu itakuwa vumbi.

Shafti ni ya 5 mm, beringi ni 625 zenye ngao za bati. Zile za mpira pembeni zikae mbali, zinakaba. Beringi mpya zina grisi nzito, hivyo zioshe kwa petroli, zikauke, kisha tone moja la mafuta mepesi. Fremu iwe plaiwudi ya 18 mm au alumini ya 6 mm, ilmradi nyumba zote mbili za beringi zitobolewe pamoja, vipande vikiwa vimebanwa pamoja. Ukitoboa kimoja kimoja, shafti itabanwa kimshazari na utaanza kupima msuguano wako mwenyewe.

---

PinioniTisa (#2)

Hapo kwenye rola ongeza neno kuhusu kukereza. Usinunue kipande cha chuma, ukatoboa katikati kwa drili ya mkono na kupitisha shafti. Shafti iingizwe kwanza, ibanwe, halafu uso wa rola ukerezwe ukiwa juu ya shafti hiyo hiyo.

Sababu ni hesabu, si umaridadi. Rola ikifika 3,300 rpm na katikati yake ikawa imepotea kwa 0.1 mm tu, kani ya kutikisa ni 0.69 × 0.0001 × 350², yaani 8.4 N. Rola yenyewe ina uzito wa 6.8 N. Maana yake inataka kuruka kutoka mezani kila mzunguko, na tairi inaachia na kushika, inaachia na kushika.

Kumalizia usawa: beringi zikiwa zimeoshwa, iache rola isimame yenyewe mara kumi. Ikisimama upande uleule kila mara, upande wa chini ni mzito. Toboa kijishimo cha 3 mm ubavuni upande huo, kina 2 mm, ujaribu tena. Ukitoboa mno unahamia upande wa pili, kwa hiyo nenda polepole.

---

VoltiKumiNaMbili (#3)

Upande wa umeme ndio unaoharibu daino (dainamomita) nyingi, na mtu anabaki kulaumu mota.

Mota yenye ukinzani wa ohm 3 inavuta 4 A ikiwa imesimama. Pawasaplai ya 2 A italeta volti 6 pale mwanzoni au itajifunga, kisha grafu itaonyesha mota dhaifu mwanzoni na hodari katikati. Tumia pawasaplai iliyoregyuletiwa ya 10 A, au betri. Betri ina kasoro yake: volti zinashuka jaribio baada ya jaribio. Ukitumia betri, andika volti za kila jaribio.

Usijaribu kuiponya pawasaplai ndogo kwa kuweka kapasita kubwa. Piga hesabu: kapasita ya mikrofaradi 10,000 ikitoa 4 A kwa sekunde 0.2 inatakiwa kushuka volti 80. Haipo hiyo. Ni mapambo.

Waya wa 1.5 mm², mfupi, na volti zipimwe kwenye nyuzi za shaba zinazopokea umeme chini ya kigari, si kwenye pawasaplai. Swichi ya mkono ina tabia ya kuruka-ruka inapogusa, hivyo washa kwa mosfeti (swichi ya kielektroniki). IRLZ44N inatosha na inaamrishwa moja kwa moja na volti 5 za Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta inayorekodi muda. Weka rezista ya 10k kutoka geti kwenda graundi ili mota isijiwashe wakati bodi inaamka, dayodi ya Schottky ya 3 A sambamba na mota, na kapasita ya nanofaradi 100 kwenye vichwa vya mota vyenyewe. Bila hiyo kapasita, cheche za brashi zinaingia kwenye kihisi na utahesabu mizunguko ambayo haikutokea.

Graundi ya mota na graundi ya kihisi zikutane sehemu moja tu, kwenye pawasaplai.

---

Mkwaruzo400 (#4)

Kihisi kipi, mkuu? Na mashimo mangapi kwenye diski? Nimeona wanaoweka 36.

---

ShaftiNyoofu (#5)

@Mkwaruzo400 kihisi cha mwanga chenye umbo la U, mfano TCST2103, upenyo wake ni 3.1 mm. Rezista ya 220 upande wa taa inaipa kama 17 mA, na 4.7k upande wa kupokea. Pitisha ishara kwenye chipu ya 74HC14 ndipo iingie Arduino, kingo zitoke wima. Zile moduli zilizo tayari zenye chipu ya LM393 zinafanya kazi lakini hupiga mara mbili kwenye kingo moja. Kapasita ya nanofaradi 10 kati ya pato na graundi hunyamazisha hilo.

Diski ya kipenyo 50 mm, alumini ya 1 mm, mikato 8. Plastiki nyeusi inadanganya, kwa sababu nyingine zinapitisha mwanga wa infraredi ingawa jicho linaona giza. Jaribu kabla ya kukata. Na funika kihisi, jua la dirishani linatosha kukipofusha.

Kuhusu 36: Arduino Uno ina baiti 2,048 za kumbukumbu. Jaribio moja ni kama mizunguko 45 ya rola. Kwa mikato 8 ni nyakati 360, kila moja baiti 4, jumla 1,440. Inaingia, kwa kujibana. Kwa 36 umeshamwaga.

Halafu muda usichukuliwe kwa amri ya micros() ya Arduino. Hiyo inapiga hatua za mikrosekunde 4. Tumia Timer1, kaunta ya ndani ya chipu, kwa kunasa kingo, pini 8 ya Uno, kigawanyo 8, unapata hatua za mikrosekunde 0.5. Kaunta inajaa kila milisekunde 32.8, na mkato wa kwanza kutoka kusimama unachukua zaidi ya hapo, kwa hiyo lazima programu ihesabu kila inapojaa. Wakisahau hili, grafu inaanza na mwiba wa ajabu kushoto.

---

TorkiNaRpm (#6)

Nyongeza muhimu kwenye hesabu. Usitofautishe mkato na mkato unaofuata. Hakuna mkono unaokata mikato 8 sawasawa, na kosa la nusu digrii linageuka milima na mabonde kwenye grafu, mawimbi 8 kwa kila mzunguko. Linganisha mkato na wenyewe baada ya mzunguko mzima: wa 1 na wa 9, wa 2 na wa 10. Kosa la kukata linajifuta lenyewe kwa sababu ni mkato uleule, na bado una vipimo 8 kwa kila mzunguko.

Mfano wa hesabu kamili kwa rola ya #1:

Mzunguko mmoja umechukua ms 37.00, unaofuata ms 34.40.
ω (kasi ya kuzunguka) ya kwanza = 6.2832 ÷ 0.0370 = 169.8 rad/s
ω ya pili = 6.2832 ÷ 0.0344 = 182.7 rad/s
Muda kati ya katikati ya mizunguko hiyo miwili = ms 35.70
Mchapuko = 12.84 ÷ 0.0357 = 360 rad/s²
Torki kwenye rola = 0.000138 × 360 = 0.0496 N·m
Nguvu = 0.0496 × 176.2 = 8.7 W

Kuirudisha kwenye mota: rola ni mara 2 ya tairi, gia ni mara 3, gawa kwa 6. Inakuja 0.0083 N·m, yaani karibu 84 g·cm, mota ikiwa 10,100 rpm. Hii ni torki baada ya gia na tairi kula chao, si ya mota tupu.

---

Mkwaruzo400 (#7)

Nimeelewa hesabu. Swali: grafu ya torki inaanza tambarare kabisa, kama meza, halafu karibu 6,000 rpm ndipo inaanza kushuka. Mota ya sumaku ya kudumu si inatakiwa kushuka moja kwa moja kutoka mwanzo?

---

TorkiNaRpm (#8)

Inatakiwa, na umeuliza swali lenyewe la uzi huu. Mota hizi zina torki inayoshuka kwa mstari ulionyooka kutoka kusimama hadi mwisho, na nguvu yake ni kilima chenye kilele karibu na nusu ya mwendo usio na mzigo. Meza kushoto ina sababu mbili tu: tairi linateleza, au pawasaplai imegota kwenye kikomo chake cha ampea.

Namna ya kuzitenganisha: ongeza 100 g juu ya ekseli ya nyuma, upime tena. Meza ikipanda juu, ni tairi. Ikibaki palepale, ni umeme.

Nabashiri tairi. Mota ya mfano wa #1 ikiwa imesimama inasukuma 5.9 N usoni mwa tairi. Kigari cha 80 g kina labda 50 g juu ya ekseli ya nyuma, yaani kama 0.5 N. Hata mpira ukishika sawa na uzito wake, unapungukiwa mara kumi na mbili. Njiani halikusumbui sana kwa kuwa kidole kinapunguza volti. Kwenye daino umemwaga volti 12 kwa pigo moja.

---

PinioniTisa (#9)

Dawa za utelezi, kwa mpangilio wa kuzijaribu:

Uso wa rola ukwaruzwe kwa msasa P240, mikwaruzo iende sambamba na shafti, si kuzunguka. Usigandishe msasa wenyewe juu ya rola: unakula tairi na unabadilisha kipenyo. Tairi zisafishwe kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi, zungusha juu ya upande wa gundi mpaka utepe utoke bila vumbi.

Kisha uzito. Usikandamize bodi, inapinda na kugusa tairi. Pitisha waya mgumu wa chuma wa 2 mm wenye umbo la daraja, miguu yake ikae juu ya nyumba mbili za beringi za ekseli, na uzito uning'inie chini ya meza kwa ndoana. Gramu 300 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukifika 600 tairi inabonyea, inachemka, na msuguano wa kubingirika unakula wati unazotaka kuzipima.

Kwa hiyo kati ya kukandamiza na kupunguza volti, chagua kupunguza volti. Kwa 6 V torki ya kusimama ni nusu na mwendo ni nusu, mstari una mteremko uleule. Kwa kulinganisha mota mbili, 6 V na gramu 300 ni kipimo cha haki kuliko 12 V na tairi linalopiga kelele.

---

VoltiKumiNaMbili (#10)

Na kwa asiyeamini jicho lake: weka kihisi cha pili kinachosoma doa jeupe kwenye rimu ya nyuma. Karibu na mwendo wa mwisho, torki ikiwa ndogo, uwiano wa rimu na rola utakuwa 2.00 au chochote tairi lako linachotoa. Hiyo ndiyo namba ya kutoteleza. Mwanzoni ukisoma 2.60, tairi linateleza asilimia 23. Hakuna ubishi tena.

---

Mkwaruzo400 (#11)

Je, ile sumaku ya chini ya kigari ya kushikia njia niiache? Rola ni chuma, itavuta kigari chini na kusaidia kushika. Naona kama bure vile.

---

TorkiNaRpm (#12)

Si bure, ing'oe. Kani inayoongezeka huijui na inabadilika ukisogeza kigari milimita moja. Pia chuma kinachopita chini ya sumaku kinazaa mikondo ya umeme ndani yake, na mikondo hiyo inafanya breki. Alumini nayo hivyo hivyo, hata kama haivutwi. Ukilazimika kupima na sumaku ndani, rola iwe na ganda la plastiki ngumu la 5 mm, na inersia ihesabiwe upya.

---

ShaftiNyoofu (#13)

Turudi kwenye mambo mawili yanayorukwa.

La kwanza, kuhakikisha inersia. Hesabu ya vipimo inaweza kukosea ikiwa chuma kina tundu au diski na kola (pete za kubana shafti) hazikuhesabiwa. Funga uzi kwenye rola, uning'inize 50 g, uiache ishuke 0.8 m. Inersia = m × r² × (9.81 × t² ÷ (2 × h) − 1), ambapo m ni kilo, r na h ni mita. Kwa rola yetu muda unatakiwa uwe sekunde 1.14. Muda usomwe kwa kihisi, si kwa saa ya mkononi, maana kosa la sekunde 0.1 linakupa kosa la asilimia 20 kwenye inersia. Ikitoka kubwa kuliko hesabu, kwanza shuku beringi.

La pili, hasara ya rola yenyewe. Zungusha rola hadi juu, inua kigari kabisa, rekodi inavyopungua mwendo. Upungufu huo mara inersia ni torki ya msuguano kwa kila kasi. Iongeze kwenye grafu ya kila kigari. Ukiacha kigari juu ya rola wakati wa kipimo hiki, umepima msuguano wa mota na gia pia, na ukiuongeza umehesabu mara mbili.

---

BrekiYaUzi (#14)

Natetea breki kidogo. Kwa kupima mota tupu, nje ya kigari, pulei ya 20 mm kwenye shafti ya mota na uzi mmoja unakupa jibu ndani ya dakika tano bila Arduino. Uzi upite juu ya pulei, upande mmoja uning'inie 100 g, wa pili uvutwe na mizani ya springi. Mizani ikisoma 40 g, torki ni (100 − 40) × 1 cm = 60 g·cm. Kasi unaisoma kwa takometa ya mwanga. Kabla ya kuwasha angalia mota inazunguka upande gani: springi iwe upande ambao mzunguko unauvuta uzi kuondoka kwenye uzito, la sivyo uzito utashushwa na mizani itasoma uongo.

---

TorkiNaRpm (#15)

@BrekiYaUzi sawa, na ni hakimu mzuri wa daino ya inersia kwa nukta moja au mbili. Ila usishikilie zaidi ya sekunde 3. Ukinzani wa shaba unapanda asilimia 0.39 kwa kila digrii. Koili ikipanda digrii 40, ukinzani umeongezeka asilimia 16 na torki ya kusimama imeshuka karibu asilimia 14. Mota ni ileile, ila unadhani umenunua nyingine.

Hili linagusa inersia pia. Mota ipashwe moto kwa namna moja kila mara: sekunde 30 kwa 6 V, pima, pumzisha dakika 2, pima tena. Jaribio la kwanza la baridi litupwe.

---

PinioniTisa (#16)

Swali la kiufundi: inersia ya rota (sehemu inayozunguka ndani) ya mota yenyewe mbona haipo kwenye hesabu? Inazunguka mara sita ya rola.

---

ShaftiNyoofu (#17)

Sahihi. Rota ya 8 g yenye nusu kipenyo 7 mm ina kama 0.0000002 kg·m². Kwenye ekseli inazidishwa kwa mraba wa gia, mara 9, na ukiigeuza kuwa mzigo usoni mwa tairi la 20 mm inakuja karibu 18 g. Dhidi ya 345 g ni asilimia 5, na torki yako inasomeka pungufu kwa kiasi hicho. Dhidi ya rola nyepesi ya mzigo wa 80 g ingekuwa zaidi ya asilimia 20. Sababu nyingine ya kupenda chuma kizito.

Tahadhari ni hii: ukilinganisha gia 9:27 na 11:27, mchango huo unabadilika kwa mraba wa uwiano. Kwa mota mbili za mwili mmoja na gia moja unaweza kuusahau.

---

VoltiKumiNaMbili (#18)

Usalama kwa kifupi: rola kwenye mwendo wa mwisho ina karibu juli 8. Si nyingi, lakini skrubu ya kola ikichomoka inakwenda usawa wa jicho. Kifuniko cha plastiki angavu cha 3 mm, na kigari kifungwe mbele kwenye nguzo yenye tundu la pini ya kuongoza na nyuma kwa uzi usionyumbuka. Kituo cha tairi kiwe juu kabisa ya rola: kikienda mbele au nyuma milimita 3, uzi unabeba sehemu ya uzito na grafu inahama.

---

Mkwaruzo400 (#19)

Utaratibu wa siku ya kupima mota sita, mnaufanyaje ili wa kwanza na wa mwisho walinganike?

---

TorkiNaRpm (#20)

Chagua mota moja ya rejea, isiende njiani kamwe. Ipime mwanzo, kisha tatu, irudie, kisha tatu zilizobaki, irudie tena. Kila mota majaribio matano, tupa la kwanza, chukua wastani wa manne. Tairi zisafishwe kwa utepe kabla ya kila mota, uzito wa ndoana usibadilike, volti zisomwe chini ya kigari wakati inavuta. Rejea ikitofautiana na yenyewe kwa zaidi ya asilimia 2, vipimo vilivyo kati yake vitupwe, na cha kwanza kukagua ni tairi.